Maswali yanayoulizwa kila siku kwenye kliniki ya paka, Lamu

Haya ndiyo maswali tunayojibu barazani, gatini na kwenye simu, siku nenda siku rudi. Tumeyaandika ili ukija tuzungumze habari za paka wako badala ya kurudia yale yale. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, tumekutajia namba ya swali.

## Kabla hujaja

1. Mnatibu paka peke yao?

Ndiyo. Punda wa Lamu wanatibiwa na The Donkey Sanctuary, iliyoanza kazi hapa mwaka 1987, na mwenye mbuzi au ng'ombe humwendea daktari wa mifugo wa kaunti. Sisi tumebaki na paka, na wanatutosha. Mji wa vichochoro visivyopita gari, samaki wanaoparuliwa kila asubuhi, majumba yenye nyua na madari wazi: paka ana nini cha kumfanya aondoke hapa?

2. Ni kweli hawa ni paka wa Firauni?

Wageni hupenda kuisikia hadithi hiyo, na wanaowatembeza hupenda zaidi kuisimulia. Lenye ushahidi ni kwamba paka wote wa kufugwa duniani, wa Lamu na wa London, asili yao ni paka-mwitu aitwaye Felis lybica, wa Afrika na Mashariki ya Kati. Ama ule wembamba na shingo ndefu, mara nyingi ni minyoo na njaa. Tumewahi kumhasi "Firauni" mmoja wa Langoni na kumpa dawa ya minyoo. Miezi michache baadaye alikuwa na kitambi kama mwenye duka la jumla.

3. Nimleteje?

Kikapu cha ukindu chenye mfuniko, au tenga, ukilifunika kwa leso ili asione njia. Usimbebe mikononi hata kama nyumbani ni mpole. Punda mmoja akilia kichochoroni, paka atakupanda kichwani kisha hutamwona siku tatu.

Kama anakuja kupasuliwa, asile kitu tangu usiku. Maji anywe mpaka alfajiri. Akiwa na chakula tumboni anaweza kutapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Vitoto ni tofauti: usivinyime chakula usiku kucha, saa mbili au tatu zinatosha, maana sukari yao ya mwili huisha upesi. Asiyeshikika usipigane naye. Tuambie anakula wapi na saa ngapi, tutakuja na mtego.

4. Paka si wangu, anakuja tu kula. Naweza kumleta?

Mlete. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, na hapa nusu ya paka ni wa nyumba tano kwa pamoja. Ila uliza majirani kwanza. Tumeshawahi kumfunga kizazi paka wa mtu aliyekuwa amewaahidi vitoto shangazi zake wawili, na maneno tuliyopewa siku ile hayaandikiki hapa.

5. Ni bure?

Kuhasi na chanjo ya kichaa cha mbwa hatumlipishi mwenyeji. Matibabu mengine, mwenye nacho hutoa, asiye nacho husema hana, na hatumpekui mtu mfuko. Hoteli na nyumba za kukodisha hulipa gharama kamili. Bure kwako maana yake kuna mwingine aliyelipa. Tazama swali la 16.

6. Siku ya kliniki huendaje?

Huanza kwa harufu. Kabla jua halijakaza tunasafisha vizimba, tunabadilisha mchanga, tunatazama nani amekula na nani amegoma. Halafu wanapimwa uzito, kila mmoja, maana dawa ya usingizi hupigiwa hesabu kwa kilo na paka wa kilo mbili hana nafasi ya kukosea. Upasuaji hufanyika asubuhi, chumba kikiwa bado na ubaridi. Mwenye kisu ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sisi wengine tunashika taa, tunaosha vyombo, tunahesabu pumzi za waliolala.

Adhuhuri huja wavuvi na watoto wa madrasa, kila mmoja na kikapu chake. Jioni tunawarudisha wazima pale pale walipokamatwa, mtaa ule ule. Paka wengi hawana majina, kwa hiyo daftari letu husomeka hivi: "Mweusi wa bucha, Langoni. Wa manjano wa ngazi za gatini. Madoa, mkia nusu, Mkomani, anauma."

## Kuhasi na kufunga kizazi

7. Mbona mnawapasua wazima na wagonjwa wamejaa?

Kwa sababu wagonjwa wanatoka huko. Jike huanza kutaka dume akiwa na umri wa miezi minne au mitano. Mimba yake huchukua siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Vitoto vinavyozaliwa kwenye paa msimu wa mvua vingi huishia macho yamegandamana kwa mafua ya paka, au kufa kwa ile homa ya kuhara na kutapika inayomaliza vitoto vyote vya uzao mmoja kwa siku mbili. Madume nayo hupigana usiku, na asubuhi tunakamua majipu.

Ukitibu jicho leo umesaidia jicho. Ukimfunga kizazi mama yake, hiyo foleni ya macho inapungua. Hii ndiyo kazi yetu hasa, mengine yote ni nyongeza.

8. Si haramu?

Hatutoi fatwa. Wanazuoni wamekhitalifiana: wako wanaokataa kwa kuwa ni kubadili maumbile, na wako wanaoruhusu palipo na maslahi na pasipo kumdhuru mnyama. Muulize sheikh unayemwamini. Akikataa, tutamtibu paka wako magonjwa yake na suala la kuhasi hatutaligusa tena.

Tunachoweza kukuhakikishia ni upande wa madhara: analala usingizi kamili, anapewa dawa ya maumivu, na harudi mtaani mpaka asimame sawasawa.

9. Angezaa mara moja kwanza, si ndiyo afya yake?

Hapana. Jike aliyefungwa kizazi kabla hajaanza kutaka dume ndiye aliye mbali zaidi na uvimbe wa saratani ya matiti baadaye. Hakuna anachopungukiwa kwa kutozaa.

10. Mbona mmemkata sikio?

Ni ncha tu, anakatwa akiwa bado usingizini. Ni alama kwamba huyu tayari. Bila hiyo, jike la mtaani litakamatwa tena, lilazwe tena, linyolewe tumbo, ndipo kovu lionekane. Ukimwona paka mwenye sikio lililokatwa sawa kama kwa rula, mwache apite zake. Sikio lililochanika vipande vipande ni la vita, huyo bado tunamtafuta.

11. Nimemrudisha nyumbani baada ya upasuaji. Nifanye nini?

Chumba kimoja, mlango umefungwa, usiku wa kwanza asipande darini. Mpe chakula kidogo jioni. Kidonda cha jike kiangalie kila siku kwa siku kumi: kikavu ni sawa, kinachotoa maji au kilichofumuka mrudishe siku hiyo hiyo. Usipake majivu, mafuta ya taa, kahawa wala dawa ya meno. Dume hana nyuzi za kutoa, ila mchanga wake uwe safi.

## Magonjwa, chakula na ajali

12. Ana homa. Nimpe Panadol nusu?

Usimpe hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa iliyomo, parasetamoli, kama letu. Inaharibu damu isibebe hewa, fizi zinageuka rangi ya matope, uso unavimba. Nusu kidonge kinaweza kumuua paka mzima. Kama umeshampa, usingoje uone itakuwaje, njoo naye mbio na pakiti ya dawa mkononi.

Vivyo hivyo dawa za viroboto za mbwa. Nyingi zina sumu ya wadudu iitwayo permethrini, ambayo mbwa huivumilia na paka humfanya atetemeke na kupata kifafa. Kama kwenye chupa kuna picha ya mbwa peke yake, amini picha.

13. Dume wangu anachuchumaa, analia, hakojoi.

Hili usilisome mpaka mwisho, njoo kwanza.

Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, na ukizibwa kwa mchanga wa mkojo figo zinasimama. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Watu wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta ya kula, wakapoteza siku nzima. Jike akichuchumaa mara nyingi vilevile aonwe, lakini kwa dume tunafungua mlango hata usiku.

14. Alishe nini? Sisi hula dagaa na ugali.

Dagaa sawa, ugali peke yake hapana. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Changanya: vichwa vya samaki vilivyochemshwa, matumbo ya kuku yaliyopikwa, kidogo cha ugali kama kijazio. Samaki mbichi kila siku nao si wema, baadhi yao huvunja vitamini B1 mwilini. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, maji safi kwenye kibakuli yanatosha.

Paka mnene ambaye ameacha kula kabisa kwa siku mbili au tatu asisubiriwe, mafuta huanza kujaa kwenye ini.

Na wavuvi: ukiona uzi wa mshipi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Kwenye ncha nyingine pengine kuna ndoana. Kata uzi ubaki mrefu kidogo, umlete.

Paka mweupe ana lake jingine. Jua la hapa huunguza masikio na pua isiyo na rangi, na kidonda kisichopona kwenye ncha ya sikio lake huenda ni saratani ya ngozi. Kikiwahiwa, tunakata sikio na anaishi.

15. Ameniuma. Na je, mke wangu ni mjamzito, tumfukuze paka?

Ni maswali mawili, ila huja pamoja kila wiki.

Ukiumwa au kuparurwa na damu ikatoka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukitazama saa, si kwa kukisia, kisha nenda hospitali ya binadamu siku hiyo hiyo ukaulize kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina linadanganya, paka naye huupata na kuuambukiza. Dalili zikishamtokea mtu hakuna tiba. Meno ya paka pia ni membamba, huingiza uchafu ndani kabisa, kwa hiyo hata pasipo kichaa mkono unaweza kuvimba vibaya. Tuambie ni paka gani, tutamfuatilia.

Kuhusu mjamzito, hakuna haja ya kumfukuza. Kinachoogopwa ni kijidudu cha toksoplazima, ambacho hutoka kwenye kinyesi cha paka kwa wiki moja au mbili tu, kwa kawaida mara moja maishani mwake, na huchukua siku moja au zaidi nje kabla ya kuweza kuambukiza. Basi mchanga usafishwe kila siku na mtu mwingine, mama avae glovu akishika udongo wa bustani, mboga zioshwe na nyama iive. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa huambukiza hata nyumba isiyo na paka. Kumshika manyoya si tatizo.

## Michango

16. Pesa zinatoka wapi, zinaenda wapi?

Zinatoka hasa sehemu tatu: hoteli na wageni wakati wa msimu, watu wa Lamu walio nje, na vibubu vya madukani. Zinaenda kwenye dawa za usingizi, nyuzi, glovu, chanjo, posho ya daktari, kodi ya chumba na umeme.

Umeme ni mkubwa kuliko unavyodhani. Chanjo lazima ikae kati ya nyuzijoto 2 na 8 tangu kiwandani. Ikija kwa ndege inashukia Manda, ikija kwa basi inaishia Mokowe, na kote huko inamalizia kwa boti, ndani ya boksi la barafu, mtu amelikumbatia kama mtoto. Ikifika friji ikazimika usiku kucha, tunatupa. Tumeshatupa, na siku hiyo tulitangaza wazi tumetupa chupa ngapi na kwa nini. Michango haikupungua.

17. Kibubu cha dukani hufunguliwaje?

Watu wawili, mbele ya mwenye duka, juu ya kaunta yake. Tunahesabu kwa sauti, yeye anaandika kwenye daftari lake na sisi letu, na pesa zinaingizwa kwenye M-Pesa ya kliniki siku hiyo hiyo kabla hatujaondoka mtaani. Humo tumekuta sarafu za nchi ambazo hatukuzitambua, vifungo, funguo ya kufuli, na hirizi moja ambayo hatujui ilikuwa ya kutuombea au ya kutuapiza. Tuliirudisha kwa mwenye duka.

18. Mahamri mnayouza Jumamosi huleta faida kweli?

Huleta, lakini si ile tuliyokuwa tukitangaza. Mwanzoni tulisoma mauzo tukayaita mchango. Mpaka mama mmoja mpishi, aliyejitolea unga, sukari, nazi na mkaa miezi miwili mfululizo, akatuuliza kwa upole kama na yeye yumo kwenye hesabu. Sasa vifaa vinatolewa kwanza, mahamri na mbaazi ni biashara ndogo, na kinachobaki ndicho kinachoandikwa. Ni kidogo zaidi kwenye karatasi. Mwezi wa Ramadhani hatuuzi mchana.

19. Naweza kutoa zaka?

Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa kwenye Sura At-Tawba, aya ya 60, na paka hawamo. Zaka yako usituletee. Sadaka ni mlango mwingine: Mtume (S.A.W.) aliulizwa kama kuna malipo kwa wema tunaowafanyia wanyama, akajibu kwamba kila chenye ini bichi kina ujira. Ukituma pesa bila kueleza tunaiandika sadaka. Ukisema ni zaka tutakurudishia, na tumewahi kufanya hivyo.

20. Nataka pesa yangu iende kwa yule paka wa kwenye picha, si kwingine.

Tunaelewa, na tukikubali kwa maandishi tunatimiza. Lakini jua linalotokea. Picha ya paka aliyevunjika mguu hujaza simu kwa usiku mmoja, kuliko mguu unavyohitaji. Picha ya majike kumi wazima waliofungwa kizazi haimtoi mtu hata shilingi hamsini. Tukifuata picha tutakuwa na pesa za mguu na hatuna nyuzi (sababu iko swali la 7).

Kwa hiyo kila tunapochangisha kwa paka mmoja tunaandika tangu mwanzo: kitakachozidi kinaingia kwenye kuhasi. Asiyependa tunamrudishia. Na paka akifa kabla ya matibabu tunasema amekufa, siku hiyo hiyo. Tuliwahi kushauriwa na mtu mwema tungoje wiki, mchango utulie kwanza. Hatukungoja.

21. Hospitali ya watu haina dawa, nyinyi mnachangia paka. Hamuoni haya?

Swali hili huulizwa kwa hasira na wakati mwingine kwa haki. Hatutakwambia kwamba paka ni muhimu kuliko mtoto. Tunachojibu ni kwamba kichaa cha mbwa hakichagui, na paka aliyechanjwa anamkinga mtoto anayecheza naye. Tena wengi wa wanaotupa hawatoi kwa kuwanyima wengine: yule bibi anayetuletea shilingi mia kila Ijumaa ndiye pia anayeonekana kwenye kila mchango wa matibabu mtaani. Kama una mia moja tu na jirani yako mgonjwa, mpe jirani.

22. Niko Maskati. Nitume dawa na mtu anayekuja?

Usitume dawa. Hatujui ilikaa kwenye joto gani, pengine imepitwa na wakati, na daktari hawezi kuitumia. Tuma pesa, tutakupa namba ukitupigia wenyewe, kisha utapokea picha ya risiti. Ukitaka kutuma kitu cha mkononi: taulo kuukuu, shuka, mizani ya jikoni, vikapu vya kubebea paka.

Ukiona mtu anachangisha kwa jina letu kwa namba yake binafsi, tupigie kabla ya kutuma. Limetokea.

## Mengineyo

23. Nimempenda paka wa hapa, nataka kumpeleka Ulaya.

Ujipange mapema. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, paka kutoka Kenya awekewe kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa na wiki 12 au zaidi. Baada ya siku 30 angalau anatolewa damu kupimwa kinga, na vipimo vikiwa vizuri anangoja miezi mitatu kuanzia siku ile ya kutolewa damu. Kitoto kitakuwa na umri wa miezi saba hivi kabla hakijapanda ndege. Likizo ya wiki mbili haitoshi. Wengi wakishasikia hayo huamua kumlipia matunzo abaki Shela, na paka haonekani kusikitika.

24. Wageni wanawalisha hotelini, wakiondoka paka wanabaki na njaa.

Kila msimu. Hatuwakatazi kulisha. Tunawaomba watuite tuje na mtego, maana paka aliyezoea sahani ya saa kumi na mbili jioni ndiye rahisi kuliko wote kukamatwa.

25. Mnawaua wasiopona?

Ndiyo, daktari akishaona maumivu hayana mwisho, na mwenye paka akiwa ameelezwa na kukubali. Kwa sindano ya usingizi, taratibu. Ukitaka kukaa naye unakaa. Mwenyewe akikataa, tunampa paka dawa ya maumivu na tunamfuata nyumbani kwake.

26. Nimekuta vitoto peke yao, mama haonekani.

Usivibebe. Mama yuko sokoni kwa samaki kama mama yeyote. Kaa mbali ungoje saa chache. Ukivikuta vya baridi, vinalia bila kukoma au vimezingirwa na siafu, hapo vifunge kwenye leso, viweke karibu na ngozi yako vipate joto, na usivinyweshe kitu mpaka vipate joto. Kisha njoo, na ukumbuke mahali ulipovikuta, kwa sababu jioni tutarudi huko na mtego kumtafuta mama yao.